Stima ya Mlango wa Nzioka

Jumanne, 4 Machi

Waya nimeutandaza saa kumi na moja na robo alfajiri. Kutoka soketi ya jikoni, dirishani, chini ya kamba ya nguo, mpaka ndani ya gereji kwa kimlango cha pembeni. Hatua thelathini na mbili. Taa ndogo ya kijani kwenye mota imewaka. Nimebonyeza rimoti, mlango umepanda. Nimetoa gari. Nimebonyeza tena, mlango umeshuka. Nimekunja waya, nimeurudisha jikoni, nimefunga dirisha, nimezima taa ya nje. Halafu nimemvisha Nzioka sweta.

Daftari hili ni jipya, lile la zamani limejaa. Kwa hivyo naweka mambo yalivyo. Nzioka, mume wangu, husafishwa damu kwa mashine hospitalini mjini kila Jumanne na Ijumaa. Nafasi yake ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukichelewa anawekwa mwingine, maana wagonjwa ni wengi na mashine ni chache. Akikosa siku moja anafura miguu, halafu uso, halafu pumzi inakuwa fupi. Mshipa wa mashine uko kwenye mkono wa kushoto. Mkono huo umekatazwa kunyanyua kitu kizito, na yeye alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma maisha yake yote. Mlango wa gereji aliuchomelea mwenyewe, kwa vyuma vya tangi kuukuu la maji. Ni mzito kuliko inavyohitajika. Mimi bega langu la kulia lilitoka nikiunyanyua peke yangu mwaka juzi. Halijawa bega tena.

Gari haliwezi kulala nje. Tulijaribu. Asubuhi ya tatu tukakuta betri imeibwa.

Leo tumefika mapema. Ametolewa kilo mbili na nusu za maji. Amelala njia nzima ya kurudi, mdomo wazi. Nashukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Jana tulipakwa majivu. Leo muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila maharagwe, kwa sababu ya figo. Maji yake vikombe viwili na nusu. Anajua, lakini anatazama jagi.

Ndinda, mwanetu anayeishi jijini, amepiga simu kutoka Syokimau. Ndiye aliyenunua mota na kuleta watu wa kuifunga mwezi uliopita. Mafundi wale walifunga mota wakaondoka, stima wakasema si kazi yao. Sasa anauliza kama bado natandaza waya nje. Nimemwambia ndiyo. Amesema ule ni waya wa kupigia pasi, sio wa kuishi nao. Anataka mota iwekewe stima yake ya kudumu. Anasema kweli.

Nzioka hataki. Anasema mlango unaojifungua ni kitu cha watu wa Syokimau. Nadhani kinachomuuma ni kwamba mlango wake umeonekana mzito.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya iliyoisha vizuri.

Mvua ilianza usiku. Nimetandaza waya juu ya matope, maungio nimeyafunga kwa karatasi ya nailoni. Mlango umepanda hadi kiunoni, ukakwama. Harufu ya plastiki iliyoungua. Nimekimbia jikoni. Plagi imeyeyuka ikashikamana na soketi. Nimezima swichi kubwa ya nyumba kwa mpini wa ufagio.

Nikampigia Abdi. Nyumba yake ni ya pili kutoka kwetu. Ni mfanyabiashara wa mbuzi, hununua Katangi na kuuza mjini. Kabla ya mota kuja, ndiye aliyekuwa akinyanyua mlango wetu asubuhi za hospitali, miezi saba. Mwezi huu wa Ramadhani yuko macho kwa ajili ya daku. Amekuja na tochi na kofia yake ya kuswalia. Amevuta ile kamba nyekundu inayoachanisha mlango na mota, ameweka bega, amenyanyua. Nikatoa gari chini ya mlango alioushika kichwani.

Nzioka alikuwa amesimama barazani akitazama. Abdi akamwambia, "Mzee, huu mlango ulikuwa wa benki?"

Nzioka hakucheka. Kwenye gari amecheka, tukiwa tumefika lami.

Tulifika saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Namshukuru Mungu kwa Abdi.

Ijumaa, 14 Machi

Abdi amenyanyua. Bila kupigiwa simu. Saa kumi na mbili kasorobo amesimama pale kama nguzo.

Lakini amesema Alhamisi ijayo anasafiri Garissa kwa mama yake, atabaki huko hadi Idd iishe. Alisema kwa aibu, kana kwamba anatukosea. Nikamwambia mama ni mmoja, aende. Ndani yangu nilikuwa nahesabu: Ijumaa ishirini na moja, Jumanne ishirini na tano, Ijumaa ishirini na nane, Jumanne ya kwanza ya Aprili. Asubuhi nne bila bega la mtu.

Naogopa. Naliandika ili litoke kichwani.

Jumamosi, 15 Machi

Nimepata fundi wa stima. Wambua, anatoka Kyumbi, alifanya kazi kanisani kwetu. Anaongea sana. Amekuja kuangalia, amezunguka gereji, amepima kwa macho. Amesema njia ziko mbili. Ya kwanza, kuchimba mtaro kutoka boksi ya stima ya nyumba hadi gereji. Mtaro utapita katikati ya sukuma wiki zangu. Ya pili, kuchukua stima hapo hapo gereji, kwa sababu tayari kuna waya wa ile taa ya nje iliyo juu ya mlango. Nzioka aliufukia miaka mingi iliyopita, ndani ya paipu, vizuri.

"Mwaitu, stima iko hapa inakungoja," akasema, akiniita mama kwa Kikamba. "Kwa nini tuharibu mboga?"

Nimefurahi. Sukuma zimeanza kushika. Nimemwambia achukue hapo hapo.

Nzioka alikuwa amelala. Sikumwamsha kumuuliza.

Jumanne, 18 Machi

Abdi, mara ya mwisho kabla ya safari. Nimempa ndizi za shamba afuturie.

Jioni Nzioka amekataa chakula. Anasema mdomo una ladha ya chuma. Daktari alisema hilo huja na kuondoka. Nimekaa naye. Redio ilikuwa inasoma vifo.

Jumatano, 19 Machi

Wambua amefanya kazi tangu saa nane mchana. Ameweka soketi juu kwenye dari la gereji, waya ndani ya paipu nyeupe, vibanio vimenyooka. Safi. Kulikuwa na matengenezo ya stima barabarani, stima ikarudi saa kumi na mbili jioni, kwa hivyo majaribio yalifanyika magharibi. Nimewasha taa ya nje tuone vizuri. Taa ya kijani ikawaka kwenye mota. Wambua akanipa rimoti niwe wa kwanza.

Mlango umepanda. Umeshuka. Umepanda.

Nzioka ametoka hadi barazani. Amesikiliza bawaba. Amesema zinahitaji grisi. Nilijua hapo kwamba amekubali.

Hakuna tena kutandaza waya. Hakuna tena dirisha wazi alfajiri. Nimetupa ule wa zamani kwenye pipa. Nashukuru sana. Nimelala kabla ya taarifa ya habari.

Alhamisi, 20 Machi

Abdi ameaga saa kumi jioni. Ameomba kuuona mlango wa mashine ukifunguka. Nikamwambia angoje afuturu, giza likiingia nitatoa gari nimpeleke stendi. Saa moja kasoro mlango umepanda kama pazia. Abdi amepiga makofi mara moja. Akasema sasa amefutwa kazi.

Nimejaribu mara tatu zaidi niliporudi. Mara zote tatu umepanda. Sasa siogopi kesho.

Ijumaa, 21 Machi

Sijui nianze wapi. Naanza mwanzo.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: chai, dawa, sweta. Hakuna tena kurudi jikoni mara mbili, tumetoka pamoja, yeye amenishika bega lililo zima. Nimezima taa ya nje, nimefunga mlango wa jikoni kwa ufunguo. Sheria ya Nzioka, taa ya nje huzimwa na mtu wa mwisho kutoka jikoni. Tulingoja stima kijijini hapa mpaka Ndinda akamaliza shule ya msingi. Ilipokuja, Nzioka aliapa haitawaka bure mbele ya jua nyumbani kwake. Nimeifuata sheria hiyo hata akiwa amelazwa.

Nimebonyeza rimoti. Hakuna kitu. Nimesogea. Hakuna kitu. Taa ya kijani imekufa. Nimebadilisha betri za rimoti nikatumia za redio. Hakuna. Ndani ya nyumba stima ilikuwepo, friji ilikuwa inanguruma.

Nimevuta kamba nyekundu. Nimejaribu kunyanyua. Bega likalia. Mlango umepanda kiasi cha kupitisha paka. Nzioka akaja kando yangu, akaweka mkono wa kushoto chini ya mlango.

Nilimkemea. Nilimpiga ule mkono na kuuondoa, kwa nguvu. Nikamwambia, "Unataka kuniua na wewe ufe?" Maneno hayana hata maana. Alirudi nyuma akakaa juu ya jiwe.

Tumekwenda kwa pikipiki. Dereva mbele, Nzioka katikati, mimi nyuma nimemkumbatia yeye na mfuko wa hospitali. Hapakuwa na gari lingine saa hiyo. Barabara ina matope. Tumefika saa moja na dakika ishirini. Mashine yake ilikuwa na mtu.

Nesi wa zamu amepekua kitabu. Hakutukemea. Alisema kuna mgonjwa wa saa nane ambaye hajathibitisha, tungoje. Tumengoja kwa muda wa saa sita na dakika arobaini. Kuanzia saa tano Nzioka hakuweza kulala chali. Alikaa mbele ya kiti, mikono juu ya magoti, anavuta hewa kama mtu anayenyonya mrija. Nilimpepea kwa kadi ya hospitali. Mgonjwa wa saa nane hakuja. Sijui kwa nini hakuja, na nimemwombea.

Tumerudi kwa tuktuk, saa moja jioni. Nimewasha taa ya nje nione tundu la ufunguo wa stoo. Nimepita gereji. Taa ya kijani inawaka. Nimebonyeza.

Mlango umepanda.

Nimeupiga teke. Dole gumba limevimba.

Jumamosi, 22 Machi

Wambua alikuwa kazini Katangi, amefika saa moja kasoro, na vumbi la huko. Nzioka alikuwa barazani. Taa ya nje nilikuwa nimeshawasha. Wambua amebonyeza, mlango umepanda. Amebonyeza mara kumi. Mara kumi umepanda.

"Mama Ndinda," akasema, "huu mlango unawaonea nyinyi haya. Mimi unanijua."

Nikamwambia asinichekeshe, jana mume wangu alikuwa karibu kufa kwenye benchi. Amepanda ngazi, amefungua soketi, amekaza skrubu zote. Amesema kulikuwa na waya mmoja umelegea kidogo, huenda ndio. Ameniangalia usoni alipokuwa akisema, kwa hivyo nimemwamini.

Nimemshukuru. Nimemfungia muthokoi kwenye bakuli.

Jumapili, 23 Machi

Misa ya kwanza nimekwenda kwa miguu. Nimerudi, saa sita mchana nimeona nijaribu tu. Haukupanda. Taa ya kijani imekufa.

Nimeketi kwenye boneti ya gari ndani ya gereji yenye giza na nimelia. Si muda mrefu.

Jirani mmoja wa kanisani, niliyepita kwake alasiri, amesema labda mtu ametutazama vibaya. Nimemwambia mtu wa kututazama vibaya angekuwa na kazi nyingine ya kufanya. Lakini nilipokuwa narudi nilifikiri ni nani.

Jioni, saa moja, nimejaribu tena. Umepanda. Sijamwambia Nzioka. Kesho ni Jumatatu, keshokutwa ni mashine. Dereva wa pikipiki nimeshamwomba aje saa kumi na moja na nusu. Ndinda amesema atajaribu kuomba ruhusa kazini. Miguu ya Nzioka leo, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Jumatatu, 24 Machi

Naandika kwa utaratibu kwa sababu nataka kuikumbuka siku hii.

Saa tatu asubuhi nimempigia Wambua. Amesema hawezi kuja kabla ya Jumatano, yuko juu ya nguzo Kangundo. Ameuliza mlango ulikataa saa ngapi hasa, na ulikubali saa ngapi. Nimesema nitamwambia. Nzioka alikuwa ananisikiliza kutoka kitandani.

"Wewe huandika kila kitu," akasema. "Leta kitabu chako, unisomee."

Daftari hili hajawahi kuliomba. Miaka thelathini na tano ya ndoa, ananiona naandika, hupita tu. Nilileta. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikaanza kusoma siku aliyokuja Wambua kufunga soketi. Yeye amefumba macho. Nikasoma majaribio ya magharibi. Nikasoma Abdi na makofi yake. Nikafika Ijumaa. Nikasoma chai, dawa, sweta, taa ya nje, rimoti, betri, kamba nyekundu. Halafu nikaruka hadi pikipiki.

"Umeruka," akasema.

Nikamwambia hapo hakuna jambo la stima.

"Soma tu, Mama Ndinda."

Nikasoma. Mkono nilioupiga, na neno nililomwambia. Aliutoa mkono wa kushoto chini ya blanketi, akaulaza juu ya daftari, nikashindwa kuona maneno. Ule mkono unavuma. Ukiwa karibu unasikia damu inapita kwenye mshipa kama nyuki ndani ya mzinga.

"Ulifanya vizuri," akasema. "Ningeuharibu. Endelea."

Nikaendelea. Ijumaa jioni, taa ya nje, tundu la ufunguo, umepanda. Jumamosi magharibi, taa ya nje, mara kumi. Jumapili saa sita mchana, haukupanda. Jumapili saa moja jioni, umepanda. Hilo la mwisho lilikuwa la siri na sasa limetoka.

Nilidhani amelala. Kisha akafungua macho, akauliza Wambua alichukua stima wapi. Nikamwambia, kwenye waya wa taa ya nje. Nikamweleza habari ya sukuma.

"Nenda ukawashe taa ya nje," akasema.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Jua limeshika ua mzima. Nimewahi kumsikia akigombana na Ndinda kwa sababu ya taa hiyo kuwaka saa moja asubuhi. Nikafikiri sumu ya damu imepanda kichwani, walituonya kwamba inaweza. Lakini nikaenda. Nikawasha. Nikatembea hadi gereji.

Taa ya kijani ilikuwa inawaka.

Nikabonyeza, mlango ukapanda, na jua likaingia hadi kwenye kioo cha gari. Nikarudi jikoni. Nikazima taa ya nje. Nikaenda tena gereji. Imekufa. Nikarudi nikawasha. Imefufuka. Nimekwenda na kurudi mara nne kama mtu aliyesahau anachotafuta. Mara ya nne Nzioka alikuwa amefika barazani kwa fimbo, bila sweta.

Hakuna waya uliolegea. Hakuna aliyetutazama. Mota inakula kwenye sahani ya taa, na swichi ya taa iko jikoni kwangu. Ijumaa alfajiri niliuzima mlango kwa kidole changu mwenyewe, halafu nikatoka kuufungua.

Nilimwambia makosa ni yangu, mimi ndiye niliyekataa mtaro. Nzioka akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakohoa, nikampiga mgongoni.

"Sheria ni yangu," akasema. "Nilijifungia mwenyewe."

Nimempigia Wambua. Nimemweleza yote. Halafu akasema, "Mwaitu, nisamehe. Jumatano nakuja na koleo."

Sijamwona Nzioka akila namna alivyokula leo mchana, tangu Desemba.

Jumanne, 25 Machi

Taa ya nje imewaka tangu jana. Nimebandika karatasi juu ya swichi: USIZIME. Nimeandika mimi, nimebandika mimi, na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi kidole changu kimekwenda chenyewe na kuzima, juu ya karatasi. Nzioka alikuwa nyuma yangu. Alikohoa tu. Nikawasha.

Mlango umepanda. Nimetoa gari. Dereva wa pikipiki alikuwa amekuja kama nilivyomwomba, nikamshukuru, nikampa chai ya chupa. Ndinda nilimwambia abaki kazini.

Saa kumi na mbili na dakika kumi na nane tulikuwa hospitalini. Kilo tatu na nusu za maji. Nesi yuleyule. Nilimpelekea mapapai mawili. Akasema hakufanya lolote, mtu tu hakuja. Nikamwambia alipekua kitabu.

Kurudi nyumbani, saa saba, taa ya nje inawaka mchana kweupe. Nzioka aligeuza uso asiione.

Jumatano, 26 Machi

Wambua amefika saa mbili asubuhi na koleo lake mwenyewe. Hakuleta maneno mengi. Nzioka ameomba kiti. Nimemwekea uani, chini ya mwavuli wa kanisani, na kikombe chake kimoja cha asubuhi.

Ndiye aliyepima. Amenituma kamba ya kujengea na vigingi kutoka kwenye sanduku lake la kazi, lile ambalo halijafunguliwa tangu augue. Nilishika ncha moja, Wambua nyingine, yeye akatuelekeza kwa fimbo. Kushoto kidogo. Rudi. Hapo. Kamba ikanyooka kutoka boksi ya stima hadi gereji, ikipita katikati ya sukuma. Nimeng'oa mistari miwili kwa mikono yangu. Sikujali hata kidogo. Tutakula sukuma wiki nzima, na jirani atakula.

Wambua amechimba hadi magotini. Kila akipunguza kina, Nzioka anagonga fimbo chini. Saa sita Wambua akafuta jasho akasema, "Mzee, ungekuwa mwalimu wangu nisingefanya ule ujinga."

Nzioka akamwambia, "Mimi nilichomelea mlango usionyanyuka. Chimba."

Paipu imefukiwa. Waya mpya, mnene, ndani yake. Kwenye boksi kuu mota imepewa breka yake yenyewe, inayojikata mambo yakiharibika, na hakuna swichi nyingine yoyote njiani. Wambua amenipa kalamu ya wino mzito niandike jina. Nimeandika MLANGO. Herufi zangu za shule.

Halafu Nzioka amesimama. Amekwenda jikoni mwenyewe. Amebandua karatasi yangu, amezima taa ya nje, amengoja. Nimemwita kutoka gereji kwamba ya kijani inawaka. Akawasha, akazima. Bado inawaka. Amefanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na Wambua na mimi tumemwacha.

Kisha akaitisha grisi. Bawaba amezipaka kwa mkono wa kulia, polepole, akiwa amekaa.

Nashukuru. Sina neno kubwa zaidi ya hilo, na leo halinitoshi.

Ijumaa, 28 Machi

Taa ya nje imezimwa. Mlango wa jikoni umefungwa. Mlango wa gereji umepanda. Tumefika na dakika kumi na mbili mkononi. Kilo mbili na robo.

Hakuna la kuandika. Nimeliandika hilo kwa furaha.

Jumanne, 1 Aprili

Umepanda. Mvua kubwa, tulikaa ndani ya gari gereji dakika mbili tukiisikiliza juu ya mabati kabla ya kutoka. Nzioka ameniuliza kama bado naandika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama leo nitaandika mvua. Nikasema labda.

Ijumaa, 4 Aprili

Abdi amerudi kutoka Garissa juzi. Ametuletea nyirinyiri ya ngamia, nyama iliyokaangwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, kwenye mtungi. Nzioka ameruhusiwa kipande kimoja, kwa sababu ya chumvi. Alikila kwa robo saa.

Leo alfajiri tumetoka, taa imezimwa, na Abdi amesimama mbele ya gereji na tochi yake. Hakuna aliyemwita. Alisema aliamka tu saa ile, miguu ikamleta. Alikuwa ameshakunja mikono ya kanzu.

Nikataka kubonyeza. Nzioka akanyoosha mkono, nikampa rimoti. Akamwambia Abdi arudi nyuma hatua mbili. Abdi akarudi.

Aliibonyeza kwa mkono wa kushoto.

Mlango ukapanda, taratibu, bila kelele kwenye bawaba. Tulisimama watatu tukiutazama mpaka ukafika juu. Kisha Abdi akafungua mlango wa gari, Nzioka akaingia, nami nikazunguka upande wa usukani.